Dirisha la Malalamiko

Mwaka 1899 ndugu wawili, Cator na Guy Woolford, walifungua ofisi mjini Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Bidhaa waliyouza ilikuwa majina ya watu. Cator alikuwa amewahi kuendesha duka la vyakula huko Chattanooga, na kama mwenye duka yeyote alijua kwamba kinachoua mtaji si panya bali wakopaji. Akaanza kuandika nani analipa na nani anakwepa, kisha akagundua kwamba orodha ile ina soko. Wawili hao wakawa wanapita duka kwa duka wakiuliza habari za wateja, wakirudi ofisini wanachapa kitabu, na kitabu wanakiuza kwa wafanyabiashara kwa dola 25 kwa mwaka. Kila jina liliwekewa hukumu fupi: analipa kwa wakati, anachelewa, au huyu auziwe kwa taslimu tu.

Tangu siku hiyo ya kwanza mteja wa kampuni alikuwa mwenye duka. Yule aliyeandikwa kitabuni hakuulizwa wala hakulipwa chochote, na mara nyingi hakujua hata kwamba yumo. Mambo mengi yaliyokuja kutokea miaka 118 baadaye, kampuni hiyo ilipokuwa ikiitwa Equifax, yanaanzia hapo.

Retail Credit Company, ndivyo ilivyoitwa wakati huo, haikuishia kwenye madeni ya sukari na unga. Kampuni za bima zilitaka kujua anayeomba bima ya maisha ni mtu wa namna gani, na waajiri nao wakataka habari za wanaotaka kuwaajiri. Wachunguzi wake wakawa wanabisha hodi kwa majirani: fulani anakunywa? Anaelewana na mkewe? Anakaa na nani? Umbea wa mtaani ukaandikwa kwenye kadi, kadi ikaingia kwenye faili, na faili likakaa kabatini likisubiri mnunuzi. Kufikia miaka ya 1960 mafaili hayo yalihusu mamilioni ya Wamarekani, na kampuni ilikuwa inajiandaa kuyahamishia kwenye kompyuta. Hapo ndipo watu walipoanza kushtuka. Karatasi huoza na kupotea, lakini kompyuta haisahau, na ilichokihifadhi Atlanta kinaweza kusomwa kwingineko kwa dakika chache.

Seneta William Proxmire wa Wisconsin ndiye aliyelisukuma jambo hilo Bungeni. Vikao vya mwishoni mwa miaka ya 1960 vilisikiliza watu walionyimwa bima au kazi kwa sababu ya maneno ambayo hawakuwahi kuonyeshwa, yaliyosemwa na jirani ambaye hawakuwahi kutajiwa. Oktoba 1970 Rais Richard Nixon akatia saini sheria ya haki katika taarifa za mikopo. Kwa mara ya kwanza raia alipata haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, na haki ya kukipinga. Akisema deni hili si langu, au nimeshalilipa, kampuni ililazimika kuchunguza.

Kwa kampuni, haki hiyo ilikuwa gharama tupu. Anayelalamika hanunui kitu, na kila lalamiko linahitaji karani, stempu na muda. Katikati ya miaka ya 1970 Retail Credit ilibadili jina na kuwa Equifax, na katika muongo huohuo ikajenga mfumo wa kompyuta wa kushughulikia malalamiko hayo ili kutimiza matakwa ya sheria. Mfumo huo uliitwa ACIS. Ulikuja kuunganishwa na intaneti, ukapewa ukurasa ambapo mtu aliweza kupakia picha ya kitambulisho chake na risiti za malipo, ila mifupa yake ilibaki ileile ya enzi za Nixon. Waliokuwa na ujuzi wa kuutengeneza walizidi kupungua kazini mwaka hadi mwaka.

Msomaji wa Nairobi aliyewahi kukuta jina lake CRB, kwenye kampuni za taarifa za mikopo, kwa mkopo wa simu alioulipa zamani hahitaji kuelezwa dirisha la malalamiko lina kazi gani. Kampuni ya TransUnion, mojawapo ya tatu kubwa za Marekani pamoja na Equifax na Experian, inafanya biashara hiyohiyo nchini Kenya.

Mwaka 2005 Richard Smith alishika usukani wa Equifax. Alikuwa mtu wa kukuza biashara, na aliikuza kwelikweli. Alinunua kampuni moja baada ya nyingine. Mwaka 2007 akainunua TALX, iliyokuwa na taarifa za mishahara ya mamilioni ya wafanyakazi. Hisa iliyouzwa kwa takriban dola 38 mwishoni mwa 2005 ilifika dola 138 mwanzoni mwa Septemba 2017. Kila kampuni iliyonunuliwa ilikuja na seva zake, programu zake na nywila zake, na vyote vikarundikwa juu ya vile vya zamani.

Mwaka huohuo wa 2005 kulitokea jambo dogo la ofisini ambalo wachunguzi wa Bunge walikuja kulichimbua baadaye. Mkuu wa usalama wa mifumo na mkuu wa teknolojia walikuwa hawaelewani. Badala ya kuwapatanisha au kumwondoa mmoja, kampuni ilihamisha idara ya usalama na kuiweka chini ya mwanasheria mkuu. Wale wawili wakaondoka hatimaye, lakini mpangilio ukabaki. Kwa zaidi ya miaka kumi walinzi wa mifumo waliripoti kwa wanasheria, na waendeshaji wa mifumo waliripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji. Walinzi waliweza kutoa agizo kwamba programu fulani irekebishwe, ila hawakuwa na orodha kamili ya mahali programu hiyo inapotumika. Waendeshaji ndio waliotakiwa kurekebisha, na hakuna aliyerudi kuhakikisha kama wamefanya.

Wakaguzi wa ndani waliliona hilo mwaka 2015. Ripoti yao ilitaja udhaifu unaojulikana zaidi ya 8,500 uliokuwa umekaa zaidi ya siku 90 bila kuzibwa. Walieleza pia kwamba kazi ya kuziba ilifanywa kwa kuaminiana: unaagizwa, na inadhaniwa umetekeleza. Ripoti ilisomwa, mipango ikaandikwa. Kabla ya Machi 2017 hakuna ukaguzi wa pili uliofanywa kuona mipango hiyo imefika wapi. Mimi nikitafuta siku ambayo janga hili lilipata baba, sitaitafuta 2017. Nitaitafuta kwenye meza ambapo ripoti hiyo iliwekwa.

Tarehe 7 Machi 2017 wasimamizi wa Apache Struts, programu ya bure inayotumiwa na makampuni mengi kujenga kurasa za intaneti, walitangaza kwamba ina tundu kubwa. Mtu akiijua mbinu anaweza kutuma ujumbe uliotengenezwa kwa namna fulani, na seva ikautii kana kwamba ni amri ya mwenye nyumba. Kiraka cha kuliziba kilitolewa siku hiyohiyo, bure. Kesho yake kitengo cha serikali ya Marekani kinachotoa tahadhari za kompyuta kilizijulisha kampuni, Equifax ikiwemo. Tarehe 9 idara ya usalama ilituma barua pepe kwa watu zaidi ya 400 ndani ya kampuni: yeyote mwenye Struts kwenye mfumo wake aweke kiraka ndani ya saa 48.

ACIS ilikuwa na Struts. Barua pepe haikuzaa matunda kwa sababu orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati, na waliotakiwa kuchukua hatua kwenye ACIS hawakufikiwa. Tarehe 15 Machi walinzi waliendesha programu ya kuchunguza mitambo yote kutafuta tundu hilo. Ilirudi mikono mitupu. Ilikuwa imetazama juujuu, kwenye folda kuu, bila kushuka kwenye folda ya ndani ambamo Struts ilikaa. Ikaandikwa kwamba hakuna tatizo.

Wageni walikuwa wameshapita tayari. Alama za kwanza za watu waliojaribu lango hilo ni za tarehe 10 Machi, siku tatu tu baada ya tangazo. Uvamizi wenyewe ulianza 13 Mei. Waliingia kupitia ukurasa wa malalamiko wa ACIS, wakapandikiza vijiprogramu vya kuwaruhusu kurudi watakapo, wakaanza kupekua. Ndani yake walikuta faili lenye majina ya watumiaji na nywila, zimeandikwa wazi bila kusimbwa. Mfumo wa malalamiko ulihitaji kanzidata chache tu kufanya kazi yake, lakini nywila zile ziliwafungulia nyingine 48 zisizouhusu kabisa. Hakukuwa na ukuta kati ya chumba kimoja na kingine.

Walikuwa wavumilivu. Walituma maombi takriban 9,000 ya kutafuta taarifa, na mara 265 walipata walichokitaka: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na ile namba ya hifadhi ya jamii ambayo kwa Mmarekani ndiyo ufunguo wa benki, kodi, mkopo na ajira. Walizigawa kanzidata vipandevipande, wakazifunganya na kuzitoa kidogokidogo ili zisitikise mizani ya matumizi ya kila siku. Kazi hiyo iliwachukua siku 76.

Kampuni ilikuwa na chombo cha kukamata jambo la namna hiyo. Kilikaa kwenye njia ya mtandao, kikifungua na kukagua kila kinachoingia na kutoka kwa siri. Ili kifungue kilihitaji cheti cha dijitali, na cheti cha kifaa kilicholinda ACIS kilikuwa kimekwisha muda wake miezi 19 iliyopita. Kifaa hakikulia wala kuzima. Kiliendelea kuwaka taa zake huku kikiacha kila kitu kipite bila kukaguliwa. Wachunguzi walikuja kukuta vyeti zaidi ya 300 vilivyokwisha muda katika kampuni hiyo. Kuhuisha cheti ni kazi ya mchana mmoja. Ni kazi inayochosha, haina sifa, haipandishi cheo, na hakuna mkutano wa wanahisa uliowahi kumpigia makofi aliyeifanya.

Jioni ya Jumamosi, 29 Julai, hatimaye mtu aliweka cheti kipya. Kifaa kikaanza kuona, na karibu papo hapo kikaonyesha mawasiliano ya ajabu na anwani ya mtandao iliyoko China. Walinzi wakaizuia. Kesho yake wakaona nyingine, wakaamua kuzima ukurasa wote wa malalamiko. Tarehe 31 Smith aliarifiwa. Tarehe 2 Agosti kampuni ikaita wapelelezi wa kidijitali wa Mandiant, na FBI ikajulishwa.

Agosti yote ikapita wananchi hawajui. Wapo wanaotetea ukimya huo, na hoja yao ina uzito: usipojua kilichoibwa utatangaza nini? Lakini tarehe 17 Agosti, akiwa anajua kwamba wavamizi wameingia, Smith alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Georgia. Aliwaeleza wasikilizaji jinsi kampuni yake inavyopata taarifa karibu bure na kuziuza kwa faida nono, na jinsi ongezeko la utapeli na wizi wa utambulisho lilivyo fursa kubwa ya biashara kwa Equifax, kwa sababu watu wanaoogopa kuibiwa hununua huduma za ulinzi. Hakudanganya. Ndivyo biashara ilivyokuwa.

Tangazo lilitoka 7 Septemba: watu milioni 143. Baadaye hesabu ikapanda hadi karibu milioni 148, yaani zaidi ya nusu ya watu wazima wa Marekani. Kadi za benki takriban 209,000 zilichukuliwa, pamoja na nyaraka za malalamiko za watu takriban 182,000. Hawa wa mwisho ndio wanaonisikitisha zaidi. Walikuwa wamefuata sheria, wamepakia vitambulisho na risiti zao kuthibitisha kwamba kampuni imekosea juu yao, na uthibitisho wao ndio ulioibwa.

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu. Kampuni ilifungua tovuti mpya ya msaada yenye anwani iliyofanana na za matapeli, hata mtaalamu mmoja akatengeneza ya bandia inayokaribiana nayo ili kuonyesha hatari hiyo. Wafanyakazi wa Equifax wenyewe wakawaelekeza wateja kwenye ile ya bandia, zaidi ya mara moja, kupitia akaunti rasmi ya Twitter. Aliyetaka kujiandikisha kwa ulinzi wa bure alikuta masharti yanayomnyima haki ya kwenda mahakamani, yakaondolewa baada ya makelele. Namba za siri walizopewa watu za kufungia taarifa zao zilikuwa tarehe na saa walipojiandikisha, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulikisia.

Ndani ya wiki moja hisa zikapoteza takriban theluthi ya thamani yake. Mkuu wa teknolojia na mkuu wa usalama walistaafu 15 Septemba. Smith akafuata tarehe 26, akiwa na pensheni iliyoripotiwa kuwa takriban dola milioni 18. Tarehe 3 Oktoba akaketi mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi. Aliomba radhi, kisha akaeleza kilichotokea: palikuwa na kosa la kibinadamu, mtu mmoja aliyetakiwa kufikisha taarifa ya kiraka hakuifikisha, na baadaye programu ya uchunguzi nayo ikashindwa kulinasa tundu.

Mtu mmoja. Siku moja kabla ya kikao hicho, meneja wa ngazi ya juu katika idara ya teknolojia alikuwa amefukuzwa kazi. Kosa lake: alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 400 waliopokea barua pepe ya 9 Machi, na hakuipeleka kwa wa chini yake. Hakukuwa na kanuni iliyomtaka aipeleke. Ripoti ya wengi katika kamati ya Bunge, iliyotoka Desemba 2018, iliihesabu miaka ya uzembe mmoja mmoja: mpangilio wa idara wa mwaka 2005, mifumo iliyochakaa, vyeti vilivyokwisha, ukaguzi wa 2015 uliopuuzwa. Ikahitimisha kwamba janga lile lingeweza kuzuilika kabisa. Katika hesabu hiyo ndefu, barua pepe isiyotumwa inachukua nafasi ndogo sana.

Aliyekwenda jela kwa sababu ya Equifax hakwenda kwa sababu ya uzembe. Mmoja wa wakuu wa teknolojia wa kitengo cha ndani alibashiri kilichotokea kabla ya tangazo, akauza hisa zake, na akapewa kifungo cha miezi minne kwa kuuza hisa akitumia taarifa za siri. Kuhusu kupoteza taarifa zenyewe, hakuna kiongozi wa kampuni aliyeshtakiwa kwa jinai. Serikali nayo haikuwa mfano mwema. Wiki ileile Smith alipokuwa akihojiwa ilibainika kwamba mamlaka ya kodi ya Marekani ilikuwa imeipa Equifax zabuni ya dola milioni 7.25 ya kuhakiki utambulisho wa walipakodi, bila ushindani. Mkataba ukasitishwa baada ya kelele.

Uingereza iliguswa pia, kwani taarifa za mamilioni ya wakazi wake zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva za Marekani. Kampuni tanzu ya Uingereza ilijulishwa na mama yake dakika kama tano kabla ya dunia nzima kutangaziwa. Mdhibiti wa taarifa binafsi wa Uingereza aliitoza pauni 500,000, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na sheria ya 1998, kwa kuwa wizi ulitokea kabla ya sheria mpya ya Ulaya kuanza kufanya kazi Mei 2018. Sheria hiyo mpya ingeruhusu faini ya hadi asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, na ndiyo iliyotazamwa kwa karibu Kenya ilipoandika yake mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022.

Marekani ilifika kwenye maelewano Julai 2019: angalau dola milioni 575, na huenda hadi milioni 700. Magazeti yakaandika kwamba kila aliyeathirika anaweza kudai dola 125. Watu wakajaza fomu kwa mamilioni. Lakini fungu lililotengwa kwa ajili ya malipo hayo lilikuwa dola milioni 31, na ukigawa kwa 125 unapata watu 248,000, kati ya karibu milioni 148. Kabla Julai haijaisha, tume ya biashara ya serikali ikaanza kuwasihi watu wachague huduma ya bure ya kufuatilia mikopo badala ya fedha. Malipo yalipoanza kufika mwishoni mwa 2022, wengi walikuta dola chache tu. Siku ya maelewano bei ya hisa ilikuwa imekaribia kurudi pale ilipokuwa kabla ya tangazo.

Februari 2020 wizara ya sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka maofisa wanne wa jeshi la China, ikisema ndio waliofanya kazi ile. China ilikana. Hilo lilieleza kwa nini taarifa zile hazikuwahi kuonekana zikiuzwa kwenye masoko ya wezi: anayetafuta majasusi na wadaiwa wa kuwashawishi hauzi orodha yake. Equifax ilipata pia hoja ya kujitetea, kwamba kampuni gani itashindana na jeshi? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama jeshi lingevunja ukuta. Lilipita kwenye tundu lililotangazwa hadharani, lenye kiraka cha bure, miezi miwili baada ya kiraka kutolewa.

Kampuni ilibadilika, hilo lisemwe. Iliajiri mkuu mpya wa usalama, ikampa mlango wa moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mtendaji, na ikatumia zaidi ya dola bilioni moja kuhamisha na kujenga upya mifumo yake. Tangu Septemba 2018 sheria inamruhusu kila Mmarekani kufungia taarifa zake za mikopo bila malipo, jambo ambalo awali lilitozwa fedha katika majimbo mengi. Kuhusu malalamiko, Januari 2025 shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha liliiamuru Equifax ilipe dola milioni 15: wananchi walipopinga makosa katika taarifa zao, kampuni haikuyachunguza ipasavyo, ilipuuza nyaraka walizotuma kama ushahidi, na makosa yaliyokwisha kufutwa yaliachwa yarudi tena kwenye mafaili.